Usipange ziara kabla hujautazama mwezi

Mara ya kwanza kuongoza zoezi la kugawa dawa za kichocho visiwa vya Ziwa Victoria, tulilala Nyehunge, alfajiri tukashuka ziwani na kuvuka kwa mtumbwi. Tulikuwa watu tisa, katoni za vidonge, gunia la mchele, maharage, na ule ubao mrefu uliopakwa rangi wa kumpimia mtu urefu ili ujue umpe vidonge vingapi. Saa tatu asubuhi tuko mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Orodha yangu ilikuwa na watu wazima 600. Kambi kimya. Akina mama wachache wanaanika dagaa, mbwa wamejilaza chini ya mitumbwi, na wanaume, nikaambiwa, wako ndani.

Mwenyekiti wa kitongoji akapita nyumba kwa nyumba akigonga mabati. Wakatoka kumi na kitu, macho mekundu, mmoja kajifunga shuka. Tukawapima, tukawapa. Mwanaume wa kimo cha kawaida anaangukia vidonge 4, vikubwa, na vichungu usipovimeza haraka. Wanne walitapika palepale mchangani, mbele ya wenzao. Wali ulikuwa haujaiva. Kufika jioni habari ilishazunguka kambi nzima kwamba yule dada wa mradi kaleta dawa ya kumaliza nguvu za kiume. Hatukufikisha watu 80, na wengi wao walikuwa watoto.

Ripoti niliiandika kwa lugha tunayoijua sote tuliofanya kazi za miradi: "Mwitikio ulikuwa mdogo kutokana na jamii kukosa mwamko." Bosi akaipitisha bila swali hata moja. Wanaoanza kazi hizi huniuliza sana siku hizi kuhusu uongozi na kujenga taasisi, na mimi huwarudisha kwenye sentensi hiyo. Ukiikuta kwenye ripoti yako, simama. Wale wavuvi walikuwa wamelala kwa sababu nzuri kabisa. Mimi ndiye sikuwa na sababu ya kufika pale siku ile.

Aliyenifungua macho alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye chanja tatu za dagaa pembeni ya tulipoweka meza yetu. Alitutazama tukifungasha, akasema, "Mwanangu, nani aliwaambia mje gizani?" Nikajibu tumekuja asubuhi. Alicheka mpaka akashika kiuno.

Kwa msomaji wa mbali na ziwa: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni za sola na betri. Taa inawaka juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinawazunguka. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, taa yako haina kazi, maana ziwa zima lina mwanga na dagaa wametawanyika. Kwa hiyo kambi ina vipindi viwili. Gizani, wanaume wanaingia ziwani jua likizama, wanarudi alfajiri, wanashusha mzigo, wanakunywa chai na kulala mpaka mchana. Mbalamwezi ikifika, nyavu zinashonwa, mashine zinatengenezwa, watu wanapumzika.

Sisi tulikwenda katikati ya giza. Tukawaamsha watu waliokesha kazini, matumbo matupu, tukawapa dawa ambayo kila mhudumu anajua inatakiwa imezwe mtu akiwa amekula. Jambo hili lina historia yake hapa nchini. Mwaka 2008 kule Morogoro zoezi la dawa hizihizi mashuleni liligeuka vurugu baada ya watoto kuugulia tumbo na kizunguzungu na wazazi kuja juu. Nililisoma hilo kabla ya kwenda. Kulisoma ni jambo moja, kuhakikisha wali umeiva ni jingine.

Kilichonikaa moyoni baadaye ni hesabu ya kalenda. Ofisi yetu ilikuwa na kalenda tatu ukutani. Ya kwanza ya fedha za Wamarekani, mwaka wao wa bajeti huanza Oktoba 1. Ya pili ya serikali yetu, Julai 1. Ya tatu ya ndani: masurufu yote, yaani pesa za safari unazopewa mapema kisha unazitolea hesabu, yarejeshwe kabla ya tarehe 25 ya kila mwezi. Hakuna hata moja iliyoujua mwezi wa angani, ambao siku zake ni 29 na nusu. Waislamu hawahitaji kuelezwa nini hutokea hapo. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ukiandika kwenye mpangokazi "ziara kila robo mwaka, tarehe 15", unaweza kuangukia mbalamwezi ukajisifu kwa mwitikio mkubwa, na ndani ya mwaka mmoja na nusu tarehe hiyohiyo inakupeleka gizani. Kisha unaandika kwamba mwamko umeshuka. Nimeziona ripoti za namna hiyo, grafu na kila kitu.

Na kichocho hakikusamehe ukikosa siku. Dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki. Mvuvi aliyemeza leo, kesho anashuka majini kusukuma mtumbwi, konokono wanaobeba vimelea wako palepale, anaambukizwa upya. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kurudi. Kwa miaka mingi nguvu kubwa iliwekwa kwa watoto wa shule, kisha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 ukapanua: maeneo yenye maambukizi ya asilimia 10 na zaidi, watibiwe wote kuanzia umri wa miaka 2. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Lakini shule ina kengele, ina daftari la mahudhurio, ina mwalimu wa zamu. Kambi ya wavuvi haina. Taasisi iliyozoea kengele ya shule inabidi ijifunze upya jinsi ya kufika.

Hapo ndipo ninapogombana na neno "kujenga uwezo wa taasisi" kama linavyotumika. Nimekaa kwenye semina zake nyingi, hoteli za Capri Point jijini Mwanza, maji ya chupa, karanga, karatasi kubwa zimebandikwa ukutani tukiandika dira na dhamira. Sikumbuki dira hata moja. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya semina zote hizo, hakuna mtu ofisini aliyekuwa na mamlaka ya kusogeza ziara siku nne mbele.

Nilipojaribu kuisogeza niligonga ukuta wa mhasibu. Sikiliza, yule alikuwa mtu wa haki. Hakuwahi kula shilingi ya mtu. Kanuni ilisema usiporejesha masurufu ya zamani hupewi mapya, na tarehe ya mwisho ni 25. Mbalamwezi ikiangukia kati ya tarehe 22 na 27, basi ziara haipo. Niliandika barua pepe. Niliandika nyingine ndefu zaidi, nikaweka na mchoro wa mwezi. Alinijibu kwa upole kwamba fedha za wafadhili haziendeshwi kwa nyota.

Nikaacha kuandika. Nilimwomba aje kuhakiki malipo ya wapishi na mitumbwi, jambo ambalo kwa kanuni zake mwenyewe alipaswa kulifanya mara moja kwa mwaka na hakuwahi. Alikuja na begi la magurudumu. Njiani ziwa lilichafuka, akatapika nje ya mtumbwi, akalala kwenye gesti ya mabati yenye godoro la inchi nne. Asubuhi ilikuwa siku ya hesabu.

Siku ya hesabu ndiyo siku ya kuijua. Mbalamwezi ikianza, mwenye mtumbwi anakaa na vijana wake kwenye jamvi. Mbele yake daftari la shule, kurasa zimelowa mafuta. Anasoma: dagaa ndoo kadhaa, bei kadhaa. Toa mafuta ya mashine. Toa chakula. Toa betri. Toa ile pesa uliyochukua Jumapili ukasema mtoto anaumwa. Kijana anabisha, wanarudi nyuma kurasa mbili, wanaikuta, wanacheka. Kinachobaki wanagawana. Siku hiyo hakuna mtu anayeondoka kambini, hakuna aliyekunywa pombe bado, na kila mtu amekula. Ikipita siku moja au mbili, wengine wamepanda mtumbwi kwenda makwao, wengine wako kilabuni, na hapo usimtegemee mtu.

Mhasibu wetu alisimama nyuma ya jamvi dakika arobaini. Baadaye akaniambia, uso umechangamka kama kaona ndugu aliyepotea: "Hawa wana masurufu! Wanarejesha kwa safari, siyo kwa tarehe." Wiki iliyofuata aliandika mwenyewe kanuni mpya, masurufu ya ziara za visiwani yarejeshwe ndani ya siku kumi za kazi tangu timu irudi. Makao makuu Dar es Salaam wakaipitisha kwa sababu ilitoka kwake. Ingetoka kwangu ingekufa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mratibu mpya ni huu: mpeleke mwenye saini. Usimpeleke siku ya mgeni rasmi, yenye ngoma na risala. Mpeleke siku ya kazi, alale hapo, na umpe kazi yake halisi ya kufanya. Utapoteza siku tatu na utaokoa barua pepe mia.

Ziara ya kwanza baada ya hapo, mama ntilie wawili walianza kupika saa kumi usiku. Mtu anakula sahani, anapimwa kwenye ubao, anameza, anakaa kivulini. Vidonge vikaisha kabla ya saa nane mchana. Sitaki kukudanganya kwamba wote walimeza. Palikuwa na nahodha mmoja aliyesema yeye atameza siku mimi nitakapoingia ziwani usiku mmoja. Bado namdai, na yeye ananidai.

Jambo la pili lilikuwa gumu kwangu kuliko la mhasibu, kwa sababu lilinigusa mimi. Nilimpa katibu wa BMU ya mwaloni ule, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, mamlaka ya kuahirisha ziara kwa simu, mpaka jioni ya kuamkia safari, bila kunieleza sababu. Kabla ya hapo tulikuwa "tunawashirikisha". Yaani tunawapigia kuwajulisha kwamba tunakuja. Mtu anayeweza kusema "njooni" lakini hawezi kusema "msije" hujamshirikisha, umemtuma.

Katibu alianza kuchora duara nyeusi kwenye kalenda ya duka la pembejeo aliyotundika ofisini, siku za giza, na duara tupu siku za hesabu. Mara ya kwanza kuitumia mamlaka yake ilikuwa mwezi wa saba, kipindi cha upepo wa kusini, gari limeshapakiwa. "Dada, kesho msije." Akakata. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi na hasira zangu, nikifikiria mafuta, posho za watu nane, na jinsi nitakavyoonekana. Nilikaribia kabisa kumpigia tena nimwambie tunakuja hivyohivyo. Sikupiga. Siku mbili baadaye nikasikia kwamba kijana alikuwa amezama, mwili ulikuwa unatafutwa, na kambi nzima ilikuwa ufukweni. Fikiria tungefika na meza yetu, na ubao wetu, na spika.

La posho nitalisema kwa kifupi kwa sababu watu hupenda kulizungumza kuliko linavyostahili. Tulilipa anayefanya kazi: anayepika, anayebeba, anayeendesha mtumbwi, anayeandika. Hatukumlipa mtu kwa kukaa kwenye kiti na kusikiliza. Miezi miwili ya kwanza walinuna. Basi.

Jambo la tatu, la mtu wa mizani, linahitaji maelezo. Baba yangu alilima pamba huko Magu, na nilikua nikisikia habari za ushirika kama wengine wanavyokua wakisikia habari za sungura na fisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walikuwa wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi wa pamba. Kabla ya kuwa na ofisi, kabla ya mihuri, waliweka watu wao kwenye vituo vya kununulia, wakawalipa wenyewe, kazi yao kupima upya. Kwenye harakati hizo, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake wakuu, vikakua vyama vya msingi na hatimaye mwaka 1955 shirikisho lao, Victoria Federation of Cooperative Unions, ambayo ilikuja kuwa na viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, sheria ya 1982 ikavirudisha, na Nyanza, chama kikuu cha ushirika cha huku kwetu, ikazaliwa upya, lakini wazee wa rika la baba hawakurudi na moyo uleule. Baba alikuwa akisema ushirika wao uliharibika tangu mtu wa mizani alipoanza kulipwa na ofisi. Wanahistoria watakuwa na maelezo marefu zaidi. Mimi nilichukua hilo la baba nikalipeleka mwaloni.

Nilimwomba yule mama wa chanja, aliyesoma mpaka la saba na mwandiko wake kama wa mwalimu, aandike daftari lake mwenyewe siku ya dawa: vidonge vilivyoingia, vilivyotoka, watu. BMU ndiyo iliyomlipa, kutoka mfuko wao, elfu chache. Sikugusa. Ziara ya pili tu hesabu yake na yetu zikapishana. Yetu ilikuwa kubwa. Tukakesha na karabai kutafuta, na kumbe watoto wa shule waliokuja kambini na mama zao tulikuwa tumewaandika mara mbili, kwenye orodha ya shule na orodha ya kambi. Tulikuwa tumefanya hivyo tangu mradi uanze. Takwimu zetu za mwaka mzima zilikuwa zimevimba, na zilishapelekwa.

Nilizirekebisha nikaandika barua. Nilidhani nitafukuzwa. Mfadhili akajibu kwa aya mbili, akashukuru. Bosi wangu ndiye aliyekaa miezi mitatu bila kunisalimia vizuri. Ukiamua kuweka mtu wa mizani asiyelipwa na wewe, jiandae kwa hilo pia. Halimo kwenye semina yoyote.

Sasa nafanya kazi na vikundi vya wakulima, Misungwi na Kwimba, na mwezi wa angani huko hauna maana kubwa. Huko kalenda ni mnada na mvua. Ukiitisha mkutano asubuhi mwezi wa kumi na moja watu wako shambani wanapanda, utapata wazee wawili na mwenyekiti. Siku ya mnada unaipata wilaya nzima imekusanyika bila kuitwa, ila hawatakusikiliza kabla ng'ombe hawajauzwa. Swali langu la kwanza nikifika kijijini, baada ya salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", na majibu yake yote, ni lini watu hapa hupokea pesa, lini wamelala, na lini wanazika. Mkurugenzi mmoja aliniuliza swali la pesa linahusu nini na afya. Nikamsimulia siku ya hesabu.

Kuhusu mradi wa kisiwani: Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na sisi tulikuwa tawi la tawi la fedha hizo. Barua ilikuja, tukapewa wiki tatu kufunga. Tuliandika orodha ya mali: gari moja, pikipiki mbili, kompyuta, jokofu, viti. Niliisaini kila ukurasa. Duara za katibu hazikuwa na namba ya mali, wala daftari la mama, na ubao wa kupimia pia ulisahaulika kwa sababu ulikuwa nyumbani kwangu, nyuma ya mlango wa jikoni, nilikouacha tuliporudi safari ya mwisho usiku.

Mwezi uliopita katibu alinipigia. Hakuwa na muda wa salamu ndefu. Nesi wa zahanati amepokea dawa za serikali, hesabu ni Jumanne, mama ntilie wameshapewa mchele na wenye mitumbwi, ila ubao hawana, wanataka kuchora alama kwenye nguzo ya ofisi na hawakumbuki vipimo. Nikamwambia aache nguzo. Jumapili niliubeba ubao mpaka mwalo wa Kirumba nikautafutia mtumbwi wa dagaa unaorudi kule. Mwenye mtumbwi aliutazama juu mpaka chini, akasema nauli elfu tano, halafu akavua ndala, akauegemea, akaniuliza yeye ni vingapi.

Vinne, nikamwambia. Na uwe umekula.